Mkwe Wangu wa Duka la Miwani

Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, ana sauti ya upole, na wengi hudhani ni dhaifu. Mimi naishi naye, namjua. Atakubembeleza mpaka ujikute unafanya ulichoapa hufanyi. Bahati yake mbaya, mimi sibembelezeki.

Kazi yake kupima macho kwenye duka la miwani. Juzi wezi waliingia kwenye kompyuta za duka bila kugusa kitasa, wakazoa habari zote za wateja. Kisha wakaanza kuwatumia barua pepe: miwani yako tayari, bonyeza hapa, weka neno lako la siri. Mwenye duka naye akawatumia barua ya kuwaonya, maandishi madogo kama chawa. Mimi kusoma kwangu ni kwa kukokota, lakini ile hata msomi angeikimbia.

"Wenye macho mabovu ndio mnawaandikia hivi?" nikamuuliza mkwe. Nilikuwa nimepeleka miwani yangu ikazwe skrubu.

Akacheka, akashika simu, akaiweka spika, akaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja. Akampata bibi mmoja fundi cherehani, ambaye uzi wake ulikuwa hauoni tena tundu la sindano. Wateja wake humtumia vipimo na picha za mishono kwa barua pepe. Wezi wakiichukua hiyo, kazi yake imekwenda.

"Shikamoo mama. Ile barua ya miwani usiibonyeze, ni ya wezi."

"Mwizi ni wewe, binti. Wao wameandika jina langu lote na namba ya lenzi. Wewe una nini? Kidole changu kiko hapa, nabonyeza."

Angejitambulishaje? Kila kilichoandikwa dukani, wezi walikuwa nacho.

"Mama," mkwe akasema taratibu, "siku ya kupimwa ulibishana na ubao. Ukasema aliyeandika mstari wa chini arudi shule. Nikakupa chai, ukasema imepoa kama mapenzi ya mume wako wa pili."

"Na ilikuwa imepoa kweli," fundi akasema. "Haya, naifuta. Miwani yangu lini?"

"Ijumaa. Njoo mwenyewe."

"Nitakuja. Chai iwe moto."

Mkwe akajifuta jasho, akapiga namba nyingine. Skrubu yangu bado inacheza. Nikainuka kwenda kumbandikia birika la chai, na hakuna aliyenibembeleza.