Kimea cha Mama na Vishimo Tisini na Sita

Kabla vifaa vya maabara kutoka nje havijaanza kumiminika Arusha, kupima kimea ilikuwa kazi ya kuzeesha. Kimea ni ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa; vimeng'enya vyake huvunja wanga na kulainisha uji wa watoto. Pale maabara nilipokuwa nikifanya kazi, nilipima sampuli moja moja kwenye neli ya kioo, na wauzaji walilazimika kuamini neno langu.

Mama yangu hakuliamini. Kiwanda kidogo cha unga wa lishe pale Kimandolu kilikuwa kinatafuta kimea, na mimi ndiye niliyekipimia; sampuli ya mama ikaonekana dhaifu, nami nikamkataa yeye, mtu aliyenisomesha kwa kimea hichohicho. Alininunia mwezi mzima. Mimi nami ni mkaidi, sikuomba radhi.

Kisha maabara ikaletewa sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, na pipeti, kifaa cha kunyonya na kudondosha matone, yenye midomo minane. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Nikawaita wakinamama wote wauza kimea wa Kijenge na Elerai waje wajionee.

Walipokuwa wakipanga makopo mezani, nikamwona mama analamba kidole, anachovya kwenye kopo lake, analamba, anachovya tena.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naonja. Nilete kitu ambacho sijakionja?"

"Mate nayo yanavunja wanga! Utapita kwa mate yako."

Hawakunisadiki. Nikatema mate kwenye kishimo chenye wanga, tukasubiri, nikadondosha iodini, ambayo hugeuka bluu ikikuta wanga. Kwenye kishimo cha wanga bila mate ilikuwa bluu. Penye mate ikabaki njano. Weee! Kila mmoja akataka kutema. Sahani nzima ikaishia hapo, na nilicheka hadi mbavu zikauma.

Sahani ya pili ilikuwa ya kweli. Kimea cha mama nilikichota upya kwenye mfuko aliokuja nao, ambao haukuguswa na kidole. Nikachanganya na wanga, saa ikahesabu dakika, nikaanza kudondosha iodini, vishimo vinane vinane. Vingine vikageuka bluu palepale. Nilishapanga maneno ya kumwambia mama kimea chake kikikataliwa tena, na yote yalikuwa mabaya.

"Mwanangu, cha kwangu ni kipi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Jirani yake, ambaye kishimo chake kilishakuwa bluu kabisa, akainama akatazama, akapiga kigelegele.

"Njano! Mwenzangu, ni njano, umepita! Na safari hii tumeona wenyewe."

Mama hakuitazama sahani tena. Alinivuta kifuani na koti langu la maabara, akaniuliza kama nimekula.