Trekta au Baba Chizuru

Asubuhi ile Fusae alimwekea marehemu mama mkwe wake wali wa moto mbele ya picha, kama afanyavyo kila siku, kisha akaunganisha viganja na kuomba kitu ambacho mke wa mkulima haombi. Aliomba trekta iwe mbovu. Na si mbovu kidogo, mbovu hasa, ya kuonekana na fundi. "Ulinisumbua vya kutosha nilipokuwa mwali humu ndani," alimwambia mkwewe pichani. "Sasa nisaidie mara moja tu."

Tusimcheke. Tangu maji ya theluji yafunguliwe kwenye majaruba, mumewe Yasoji alikuwa akirudi nyumbani na matope hadi kifuani, akilalamika kwamba foowili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, haishiki. Magurudumu ya nyuma ya kitrekta chao yanachimba na kuzama, ya mbele yametulia tu kama wageni waalikwa. "Nimeivuta ile gia, Mama," alikuwa akisema huku akivua buti. "Nimeivuta. Inanigonga hapa unyayoni, halafu basi."

Zamani Fusae angemwamini kabla hajamaliza sentensi. Yasoji ndiye aliyekuwa akifungua na kutengeneza mashine za bonde zima wakati theluji imefunika paa, zikisubiri zamu bandani kama wagonjwa. Lakini mwaka huu kichwa chake kilikuwa kimeanza kumchezea. Alikwenda kunyolewa, na kesho yake akaenda tena, kinyozi akabaki anakitazama kichwa kisicho na unywele wa kukata. Alimwita jirani kwa jina la kaka yake aliyefariki. Jirani, mtu wa watu, akaitika.

Ndipo binti yao Chizuru alipopiga simu kutoka mjini.

"Mama, usinielewe vibaya. Labda Baba anavuta gia nyingine."

"Gia ipi nyingine?"

"Mimi najuaje? Si anasahau? Na kule juu kuna kingo. Akipinduka je?"

Wakaafikiana kwamba Hironobu, fundi wa karakana ya ushirika, aje aipime. Akikuta trekta ni mbovu, atengeneze, na mzee alime. Akikuta ni nzima, basi mgonjwa ni mzee. Ufunguo utachukuliwa na majaruba yataachiwa matete. Fusae alisema ndiyo kwa mdomo. Moyoni alisema mengine.

Majaruba yale hayakuwa udongo tu kwake. Alikuja kuolewa kutoka ng'ambo ya mlima, wakaanza kupanda mpunga kwa mkono, wameinama sambamba, yeye na Yasoji, huku mkwe akikosoa kutoka ukingoni. Siku moja Yasoji alimwona anashindwa kunyooka. Mwanamume yule maneno matamu humkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kilichofuata ni trekta, ndogo, nyekundu, imetumika, na alipoishusha uani alisema, "Mgongo wako upumzike." Ni hayo tu aliyomwambia ya mapenzi tangu waoane, na Fusae anayala mpaka leo.

Hironobu alifika na kigari chake cha mizigo wakati wa chai ya asubuhi. Alikuwa amejifunzia kazi kwa Yasoji, na hadi leo akimsogelea alishusha kofia.

"Haya mzee, huyu bibi anaumwa nini?" aliuliza, akiipigapiga trekta boneti.

"Magurudumu ya mbele hayavuti. Nikiwa matopeni."

"Panda basi unionyeshe unavyofanya."

Fusae alikuwa ameshika sinia la chai na figili za chumvi. Alisimama pale pale. Yasoji akapanda, akakaa, akanyoosha mkono. Mkono ukaenda kwanza kwenye gia ya kuzungusha visu vya kulimia vya nyuma. Ukasita hapo. Kisha ukashuka chini ya kiti, kushoto, ukaishika ile ya foowili na kuivuta. Ilikuwa kitambo kidogo sana, lakini Fusae aliona, na alipomtazama Hironobu alijua naye ameona.

Hironobu alipima upepo wa matairi. Alilala chini akakagua chuma kinachoshuka kutoka kwenye gia, akakuta kinasogea vizuri, pini zake zote zipo. Mwisho akaipiga jeki, pua ya trekta ikapanda hewani, akawasha, akaingiza gia. Magurudumu ya mbele yakazunguka taratibu, bila kosa. Akazima, akaingiza tena. Yakazunguka tena.

"Inashika, mzee," alisema kwa sauti ya chini, akijifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka.

Yasoji aliyatazama magurudumu yale mpaka yaliposimama. Akachomoa ufunguo, akamfuata mkewe, akauweka juu ya sinia, kando ya figili. Hakununa. Alikuwa na uso wa mtoto aliyekubali kosa asilolikumbuka, na uso huo ndio uliomkata Fusae maini.

"Hironobu," alisema Fusae.

"Naam, Mama."

"Kwani hilo dude linalima hewani?"

"Hapana, lakini..."

"Mimi na mgongo wangu huu, nikilala mkekani naweza kurusha miguu mpaka nikuvunje meno. Utasema mimi ni mzima? Niinamishe shambani ndiyo utanijua. Mume wangu amekwambia matopeni. Wewe umempima hewani. Sasa chukua ufunguo huu, panda wewe mwenyewe, uende matopeni."

"Mama Chizuru," Yasoji alisema, "mwache kijana. Amekwisha kupima."

"Wewe nyamaza, tunakutetea."

Hironobu alicheka, lakini aliuchukua ufunguo. Baadaye alikiri kwamba alikwenda ili mama yule aridhike tu.

Walishuka hadi kwenye jaruba la chini, lile pana. Hironobu akaingiza trekta majini, akavuta gia ya foowili kwa mkono wake mwenyewe, akakanyaga mafuta. Trekta ikaenda vizuri. Ikaenda vizuri tena. Kisha ikafika penye tope zito katikati, magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba, na yale ya mbele yakasimama. Hironobu akachungulia mkono wake. Gia ilikuwa imeingia. Akaongeza mafuta. Ya nyuma yakazama, ya mbele yakatulia.

"Unyayoni," Yasoji alipaza sauti kutoka ukingoni. "Umeisikia? Inagonga."

Hironobu akaondoa mguu kwenye mafuta. "Naisikia, mzee," alisema. "Tik, tik, tik. Naisikia."

Waliitoa kwa mbao na matusi kidogo. Ukingoni Hironobu akafungua bomba linalofunika mtaimbo wa kupeleka nguvu mbele, akavuta kikombe kinachouunganisha, akakipangusa grisi na kuwaonyesha. Meno ya ndani yalikuwa yamelika, yamebaki ya kuhesabika. Gurudumu likiwa hewani halina mzigo, meno hayo yanatosha. Likikutana na tope, yanateleza. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo, kama mzee alivyosema.

"Imeharibika?" Fusae aliuliza.

"Imeharibika, Mama. Vibaya. Kikombe na mtaimbo, vyote vinataka kubadilishwa."

Fusae akaketi kwenye nyasi, pale pale kwenye unyevu, akacheka huku machozi yanamtoka, hata Hironobu akaona haya akaenda kupiga simu ya kuagiza vipuri. Sijapata kusikia mtu aliyefurahia habari ya kuharibikiwa namna ile. Yasoji alikaa karibu naye, mabega yakigusana, jambo ambalo kwa kawaida hangelifanya mchana na mtu akiwapo.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Kila nikiivuta nilijiuliza, hivi kweli nimeivuta? Niliogopa sana."

"Hata mimi niliogopa," Fusae alisema. Hakutaka kumdanganya. "Chizuru naye. Tusamehe."

"Hamna kosa." Akachuma unyasi, akauzungusha vidoleni. "Kuna mengine ni mimi kweli. Yule kinyozi."

"Kinyozi ni wewe."

Wakacheka pamoja. Hironobu akarudi akasema vipuri vitafika kabla ya miche kuwa tayari kupandwa, akaaga kwa kushusha kofia, akapanda kwenye kigari chake. Fusae alifungua madonge ya wali aliyokuwa ameyafunga asubuhi, akampa mumewe lile lenye plamu ya chumvi. Wakala wakitazama maji ya jaruba yakijitulia. Alianza kupanga moyoni atakavyomwambia Chizuru, na sauti atakayoitumia. Hakuwa na haraka ya kumsamehe kwa simu moja.

Yasoji aliacha kutafuna. Alikuwa akiitazama trekta iliyofunguliwa tumbo pale ukingoni, na uso wake ulikuwa umeanza kuingia wasiwasi, polepole, kama maji yanavyoingia shambani.

"Mama," alisema. "Ile foowili. Fundi alisemaje? Ni trekta, au ni mimi?"

Fusae akaliweka donge lake chini. Akamgeukia, akamfuta punje ya wali kidevuni, akamwambia kwa furaha ile ile ya mara ya kwanza, "Ni trekta, Baba Chizuru. Ni trekta."