Vidonge vya Mafuriko

Mtihani wa utangulizi wa famakolojia uliniangusha, nikarudi nyumbani Kulesa kujiandaa kuurudia. Nilikuwa nimechoka, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Na mimi bila kusoma kwa sauti hakuna kinachoingia. Kila asubuhi nilikaa mlangoni nikiwahutubia kuku: dawa hii inafanya nini, inakaa mwilini muda gani, inatokaje. Mama alikuwa kando yangu akipukuchua mahindi. Nilidhani namkera tu.

Mama ana presha, na alikuwa akimeza kidonge kimoja kila siku. Dawa yake ilikuwemo kwenye daftari langu, nayo ilinisumbua, kwa hiyo niliirudia wiki nzima: baada ya siku moja na nusu, nusu yake bado imo mwilini.

Huku kwetu mto ukifurika barabara hukatika, na kufika hospitali ya Ngao huwa kazi. Kabla ya masika kila nyumba huweka akiba ya unga, chumvi, kiberiti. Mama akaongeza vidonge. Leo alimeza, kesho akaruka, na kile alichoruka akakifunga kwenye nailoni na kukitia ndani ya kopo. Kopo lenyewe nililiona kila siku. Sikuuliza lina nini.

Asubuhi moja ungo ulimponyoka. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umekwenda upande. Tulimpakia kwenye pikipiki, nikakaa nyuma nikimshikilia hadi hospitali. Daktari alipouliza kama anameza dawa, nilimjibia haraka: kila siku.

Mama alinitazama. "Si ulisema nusu inabaki?" Ulimi wake ulikuwa mzito. "Nikaona tuweke za mafuriko."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, tena mbele ya watu. Halafu nikakosa pa kuuweka uso wangu. Miezi yote ile nilisoma dawa, na mgonjwa nilikuwa naye mlango mmoja.

Swali la dawa ile lilikuja kwenye mtihani. Nililijibu sawasawa, nikafaulu, na sikumpigia mtu simu.

Mkono wake haujarudi vizuri. Nikiwa chuoni hunipigia kila asubuhi kabla sijaingia darasani.

"Cha leo nimeze?"

"Meza, mama."

"Na cha kesho?"

"Na cha kesho, mama."