Nilimpaka Dume Pilipili ili Niuze Kamba

Sijui pa kuanzia, kwa hiyo naanza na kosa lenyewe. Nilimuua rafiki yangu Karoli. Sikumchoma kisu, sikumpiga, na hakuna mahakama iliyoniita. Nilimuua kwa tangazo la biashara.

Nisikilize kama unavyomsikiliza mtu mliyekaa naye jikoni mkisubiri ndizi ziive. Ila usinihurumie mapema.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoanza kufunguliwa, baada ya shida ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni. Niliondoka kwetu Nyakasimbi nikaenda kufungua kibanda Nkwenda. Siku za gulio Nkwenda ilijaa. Wanunuzi wa kahawa, wenye maharage, wafugaji, watu wa kutoka Uganda. Mimi nilileta kamba za nailoni, za bluu. Wenzangu wote waliuza za katani.

Watu walizishika kamba zangu, wakazivuta, wakazirudisha. "Hii plastiki," walisema. "Ng'ombe ataikata kama uzi."

Niliandika ubaoni kwa rangi nyekundu: HAIKATIKI. Nikaning'iniza jiwe kubwa kwa kamba moja mbele ya kibanda. Wakaja, wakalitazama jiwe, wakacheka, wakaenda kununua katani kwa jirani. Nilikuwa na mdomo mwepesi na kichwa kinachowaka, na kudharauliwa kulinikaa kooni kama mwiba. Nikataka jambo ambalo Karagwe nzima ingelisimulia.

Karoli alikuwa mfugaji. Boma lake lilikuwa mbugani, nje kidogo ya Nkwenda. Aliniita munywani, ndivyo tunavyomwita kwetu rafiki mliyeshibana kama ndugu. Mtoto wake wa kwanza, Yusta, nilimshika mimi kanisani siku ya ubatizo. Kwa hiyo mbele ya Mungu nilikuwa baba wa pili wa yule mtoto.

Karoli alikuwa na dume jekundu la ng'ombe, Ruhogo, lenye pembe pana kiasi kwamba liliingia zizini kwa kugeuza kichwa upande. Ukiliona mara ya kwanza unarudi nyuma. Lakini lilikuwa pole. Yusta alilipita chini ya tumbo akienda kuchota maji.

Nikamwambia Karoli, "Munywani, nikopeshe Ruhogo siku ya gulio. Nitamfunga kwa kamba moja tu, watu waone anavyoshindwa kuikata."

"Ruhogo havuti kamba," akasema. "Ukimfunga atasimama tu acheue."

"Watu watamwogopa kwa pembe zake. Inatosha."

Akafikiri. "Kama itakusaidia, nitamleta mwenyewe."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuniomba kitu.

Sasa nikaanza kazi ya mdomo. Nilimwambia mama mmoja wa kwaya, kwa kumnong'oneza, kwamba dume lililoua mtu ng'ambo ya mpaka litaletwa Nkwenda, na kamba yangu moja ndiyo itakayolishika. Nikamwambia, "Tafadhali usimwambie mtu." Nikamwambia utingo wa lori la kahawa, naye nikamwomba asimwambie mtu. Nikaenda kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikamwambia mlevi mmoja, huyo sikuwa na haja hata ya kumwomba.

Habari ilitembea yenyewe. Iliporudi kwangu, dume lilikuwa limeua watu watatu, mmoja wao bibi harusi. Kituntu kule mbali walikuwa wanaisimulia. Mtu mmoja alinisimulia mimi mwenyewe, ananiapia kwamba shemeji yake aliiona maiti.

Nililala nikicheka. Nakwambia ukweli, nilicheka.

Karoli alikuja kibandani uso umemshuka. "Munywani, watu wananipita njiani hawanisalimu. Wanasema nafuga muuaji. Ruhogo hajawahi kumdhuru hata kuku."

"Maneno ya watu," nikamjibu. "Gulio likipita yatakwisha."

"Nani ameyaanzisha?"

"Utawajua watu wa gulio?"

Akanitazama kidogo, akaamini. Alikuwa hajawahi kunikamata na uongo.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka juu ya mapaa ya vibanda. Asubuhi nilikuwa nimesimika nguzo ya mkaratusi katikati ya uwanja. Kilikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama tofali. Shimo liliponifika magotini nikachoka, nikashindilia mawe na udongo, nikatosheka. Karoli aliitikisa kwa mkono mmoja akaniuliza kama imeingia vya kutosha. Nikasema imeingia.

Tukalifunga dume. Nikapanda juu ya sanduku, nikapiga kelele zangu: kamba moja, muuaji mmoja, njooni mjionee. Watu wakanyamaza. Ruhogo akasimama. Akacheua. Akafukuza nzi kwa mkia.

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. "Huyu ndiye aliyeua bibi harusi?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Muuza katani, jirani yangu, alikuwa amejishika mbavu.

Mfukoni nilikuwa na pilipili kichaa niliyoitwanga nyumbani na kuifunga kwenye jani la mgomba. Tazama hapo. Mtu ambaye hakupanga ubaya hatembei na pilipili iliyotwangwa. Nilikuwa nimejua toka mwanzo kwamba Ruhogo atasimama tu.

Karoli alikuwa mbele, amelishika dume uso, analiongelesha kwa Kinyambo, lugha yetu, ili makelele yasilishtue. Mimi nikazunguka nyuma, nikajifanya nakagua kamba, nikaipaka ile pilipili chini ya mkia, nikaikandamiza ndani kwa vidole.

Sijawahi kusikia mnyama akilia vile. Aliruka miguu yote minne. Akavuta mara moja, kamba ikanyooka ikalia kama waya. Watu wakashangilia, na mimi nikashangilia. Akavuta tena, na nguzo ikang'oka.

Kamba haikukatika. Ndilo lililokuwa baya. Ingekatika, dume lingekimbilia mbugani na mambo yangeishia hapo. Badala yake lilikimbia katikati ya watu likiburuta nguzo nzima nyuma yake, na nguzo ile ilikuwa inaruka huku na huku kama rungu. Ilimpiga mama Velediana, muuza maharage, ikamvunja mguu mpaka mfupa ukatoka nje. Ikavunja vibanda. Mzee mmoja alipasuka uso.

Karoli alikimbia nyuma yake akiita, "Ruhogo! Ruhogo!" Akaishika kamba. Alidhani sauti yake itatosha, maana siku zote ilitosha. Kamba ikamzunguka mkono, ikajikaza kifundoni, akaanguka.

Lilimburuta kupita nyumba za kulala wageni, kupita mashine ya kukoboa, mpaka barabarani kwenye mawe. Shati lilitoka, halafu ngozi. Vijana walikimbia na mapanga, wakalikata dume mishipa ya miguu ya nyuma. Likaanguka, wakaendelea kulikata shingo na mgongo huku Karoli bado amefungwa, damu ya dume inamwagikia usoni. Mmoja alijaribu kuikata kamba. Panga liliruka. Akakata tena na tena, kamba inabonyea tu, mkono wa Karoli unatikisika kila anapokata.

Mwishowe walilifungua fundo kwa mikono, tukampakia kwenye gari la kahawa kumkimbiza hospitali. Nilikaa naye juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwangu. Alikuwa na akili zake. Aliniuliza, "Munywani, Ruhogo aliona nini?"

Sikumjibu. Vidole vyangu vilikuwa bado vinawaka kwa pilipili. Niliwaza tu kwamba nikimgusa uso nitamwasha macho, nikaikunja mikono kwapani. Akafa hivyo, akisubiri jibu, hata mkono wangu hakuupata.

Hapo ningesema. Mtu mwenye moyo angesema palepale. Lakini kila mtu alikuwa na maelezo yake tayari, na maelezo yale niliyatengeneza mimi: Karoli alificha dume muuaji, sasa limemmaliza. Nani angeuliza la pilipili?

Jioni ileile watoto wa mama Velediana walikwenda bomani kwa Karoli na mapanga. Mama yao amelemazwa na muuaji, na ng'ombe wote wa boma lile wana damu ya muuaji, ndivyo walivyosema. Maiti ilikuwa ndani, Leokadia mke wa marehemu amekaa kando yake na Yusta. Waliwakata ng'ombe zizini mmoja mmoja. Wenye mimba, ndama, wote. Leokadia alitoka kuwazuia, mmoja wao akampiga kwa ubapa wa panga begani, akaanguka kwenye damu ya ng'ombe wake.

Mimi niliyasikia hayo kesho yake, nilipokwenda mazishini. Nilibeba jeneza mbele, upande wa kulia.

Na sasa lile ninaloliona aibu kuliko yote. Gulio lililofuata watu walijaa kibandani kwangu. Walizitaka kamba. "Ndiyo ile?" waliuliza. "Ndiyo ile iliyomburuta mtu isikatike?" Gulio la kwanza niliinamisha kichwa na kuuza kimya. La pili nikaitikia, ndiyo ile. La tatu nilikuwa juu ya sanduku langu, naipiga kelele mwenyewe: "Njooni, kamba ya Nkwenda, ilimshinda dume, ililishinda panga!"

Nilipogeuka Leokadia alikuwa amesimama pale, amevaa nguo nyeusi. Alikuwa amekuja kuuza maharage kidogo, maana maziwa hayakuwapo tena.

"Baba wa ubatizo," aliniambia, taratibu kabisa. "Unamuuza mume wangu kwa mita?"

Nyuma yake alikuwa Deo, mdogo wake Karoli. Alinipiga kwa fimbo ya kuchungia usoni, nikaanguka kutoka kwenye sanduku, akanipiga tena nikiwa chini mpaka jicho la kushoto likapasuka. Ninaandika haya kwa jicho moja.

Sikumshtaki Deo. Ningemshtaki kwa lipi? Na hilo nalo likageuzwa. Katekista alinitaja kanisani kuwa mfano wa mtu anayesamehe. Watu walinigeukia wakaniinamishia vichwa kwa heshima. Leokadia alikuwa benchi la wanawake. Alinyanyuka akatoka nje, na waliokuwa karibu naye wakanong'ona kwamba mjane yule ana moyo mgumu.

Nilifunga kibanda. Nikarudi Nyakasimbi kulima. Mke wangu aliniuliza mara nyingi kwa nini nimeacha biashara inayokwenda vizuri, nikawa namfokea, siku moja nikampiga. Akaenda kwao, hakurudi. Sikumlaumu.

Miaka ikapita. Mwaka huu Yusta alikuja. Binti mzima, anajiandaa kwa kipaimara, amekuja kwa miguu na kwa lori kumtafuta baba yake wa ubatizo. Akapiga magoti, "Shikamoo, baba." Nikamwinua.

Tukakaa. Akaniuliza, "Baba, ulikuwa rafiki yake. Watu wanasema alifuga dume muuaji akalificha, ndiyo maana hakuna anayetaka kuoa kwetu. Ni kweli?"

Nikamwambia. Pilipili, nguzo, mama wa kwaya, yote. Nilitegemea alie, au anitemee mate. Aliniuliza tu:

"Baba alijua kwamba ni wewe?"

"Hakujua."

"Aliuliza?"

"Aliuliza. Sikumjibu."

Akasimama, akafunga kitenge chake vizuri. "Basi twende ukamjibu mama."

Nilikwenda naye. Leokadia alikuwa anapukuchua maharage uani. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Mimi nilijua Ruhogo hakuwa na kosa. Nenda kawaambie waliokuja na mapanga."

Nimekwenda. Mtoto mmoja wa mama Velediana alinifukuza na jembe. Mwingine alinicheka, akasema nimerukwa na akili. Mama Velediana mwenyewe, na mguu wake uliopinda, alinisikiliza, akanipa maji ya kunywa, akasema, "Lakini mwanangu, dume lile liliua bibi harusi Uganda. Kila mtu anajua."

Hapo ndipo nilipo. Uongo wangu niliutupa kwa watu watatu tu, ukatembea wenyewe, mpaka leo unatembea na una miguu yenye afya. Ukweli naubeba mgongoni nyumba kwa nyumba, na kila nyumba wananirudishia.

Wewe unayeuza, unayepiga kelele gulioni, unayetafuta hadithi ya kuwavuta watu kwenye mali yako: piga kelele zako, imba, chora ubao, ni haki yako. Lakini usimtaje mtu asiyekuwepo wala kifo kisichokuwepo. Na ukikuta bidhaa yako imemdhuru mtu, usipande juu ya sanduku.

Nina ombi kwako msomaji, na sina la kukulipa. Ukikutana na mtu wa kwetu akaanza kukusimulia habari za dume la Nkwenda lililoua watu, mwache amalize. Kisha mwambie kwamba Karoli alikuwa mfugaji mwaminifu, na dume lake halikuwahi kuua mtu mpaka nilipolitia mkono mimi. Mwambie na yeye amwambie mwenzake.