Makofi ya Shangazi pale Ilula

Juzi nilikuwa natoka Mbeya kwenda Dar, basi likasimama Ilula, na kabla halijatulia madirisha yote yalikuwa yameshapata wenyewe. Mabeseni ya nyanya juu, vitunguu juu, mikono inasukumana. Kijana aliyekaa pembeni yangu akacheka, akasema akina mama hawa wana fujo. Ndugu yangu, huyo hajaona fujo. Mimi nilifanya kazi hapo kila likizo ya Juni, tangu darasa la tano mpaka namaliza sekondari, na nakuambia nilipigwa hapo kuliko shuleni na nyumbani kwa pamoja.

Mpigaji alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane mwenye shamba la nyanya bondeni, chini ya barabara kuu, na baba alinipeleka kwake, mimi bintiye, nikajifunze kazi. Asubuhi baridi inauma masikio, tunakunywa uji wa ulezi haraka haraka ukiunguza ulimi, tunashuka bondeni. Chuma, jaza ndoo, panda nayo kilima kichwani, panga nyanya kwenye tenga, gongelea papi za juu, zile mbao nyembamba za kufunikia. Nyanya zilichumwa zikiwa zimeanza tu kupiga rangi, maana zikiiva shambani zinafika Dar zimekuwa rojo. Ukichuma iliyoiva, kofi. Ukikaa chini ndoo haijajaa, kofi jingine. Mkono wake ulinuka dawa ya kunyunyizia, na hata leo nikiinusa ile dawa shavu langu linashtuka lenyewe.

Huko barabarani ndiko kulikokuwa na vita vyenyewe. Sheria ilikuwa moja: dirisha ni la aliyeligusa kwanza, mpaka basi liondoke. Akija mwingine kuingiza beseni lake hapo, mnapigana, na hakuna wa kuwaamulia kwa sababu kila mtu yuko kwenye dirisha lake. Shangazi alinifundisha kutumia kiwiko, na kiwiko kikishindwa, meno. Yeye mwenyewe aliwahi kumng'oa jino jirani yetu wa shamba la ng'ambo ya mfereji, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito. Jumapili yake wakakaa benchi moja kanisani, mmoja ana pengo, mwingine jicho limevimba, wakaimba pambio pamoja vizuri kabisa.

Likizo yangu ya mwisho watu walikuwa wanaibiwa. Umehangaika na mche miezi mitatu, umenyunyizia, umemwagilia, unashuka asubuhi unakuta matawi matupu. Jirani yule aliibiwa kuliko wote. Alikuwa na watoto wa kusomesha na hakuwa na kitu kingine. Akaacha hata kugombania madirisha. Akawa anakaa tu kando ya barabara, kimya. Ukimjua, ukimya ule ulikuwa unatisha.

Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linachomoza, tukasikia yowe ng'ambo ya mfereji. Tulipofika, wamemkamata kijana mmoja mgeni, pengine hata ndevu hajaota, ndoo imejaa nyanya za jirani. Walikuwa wanampiga kwa papi za matenga, na papi zile zina misumari. Nilisikia mbao ikitua kwenye mfupa, sauti ambayo sitaki kuieleza zaidi. Damu ilikuwa imemjaa machoni. Mtu mmoja alikuwa anavuta majani makavu kuyakusanya, na wote tulijua majani yale ni ya nini. Hata wazee wa kanisa letu walikuwepo, na mikononi hawakushika Biblia.

Shangazi aliwapita wote. Nilidhani anakwenda kuwazuia. Ndugu yangu, alimzaba yule kijana kofi lililomlaza matopeni.

"Mjinga wewe!" akapiga kelele. "Nimekuambia uvuke mfereji wa pili, wewe umevuka wa kwanza! Toka jana nakuelekeza!" Akamwinua kwa shati, akamwongeza la pili, la tatu. "Jamani wanyalukolo, ndugu zangu, mtaniulia kibarua! Huyu ni wangu. Mgeni, hajui mipaka. Niachieni mimi nimfundishe."

Kwetu, mtu mzima akishamshika wa kwake kumwadhibu, wengine mnatoa mikono. Ndivyo tulivyolelewa. Papi zikashuka moja moja. Mimi nilikuwa nimeitazama ile ndoo, na nyanya zilikuwa nyekundu tupu, zimeiva kabisa, na hakuna kibarua wa shangazi angethubutu kuchuma nyanya za namna ile. Niliogopa wakiiangalia tu, wote watatu tumekwisha.

Jirani alikuwa na papi yake bado juu. "Kama ni wako, mchukue," akasema. "Lakini nyanya zangu utazilipa."

Shangazi alimpiga yule kijana njia nzima mpaka nyumbani. Kila aliposimama kuvuta pumzi, wale waliotufuata walisogea, naye akaanza upya. Tulipofunga mlango alikaa chini, akanituma maji ya moto na chumvi. Kijana alilala kwetu mpaka akaweza kutembea, kisha akaondoka bila hata kuaga. Nyanya za shangazi za msimu ule zilikwenda kwa jirani. Nilipouliza kwa nini hakuwaomba tu wamsamehe, nami nikapata kofi la kwangu. "Watu wakishakasirika hivyo hawaombwi," akasema.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa kitandani, nilimwambia jinsi nilivyoogopa siku ile kwamba watagundua. Akacheka mpaka akakohoa.

"Watagundua nini? Walijua wote. Jirani alikuwa anawajua vibarua wangu hata kwa majina ya mama zao."

"Sasa mbona walimwachia?"

"Walikuwa wamechoka, mwanangu. Ila hakuna aliyejua aache vipi mbele ya wenzake."

Tumemzika shangazi, na jirani ametangulia. Shamba sasa lina mtu wa mjini. Nakumbuka uji ule na baridi ile, na nakiri hata makofi nayakumbuka kwa mapenzi, ingawa wanangu sijawahi kuwazaba. Mwezi uliopita, hapa Soweto ya Mbeya ninapoishi, walimkamata kijana mwenye redio isiyo yake. Niliwaona kutoka dirishani; waliokuwa wanampiga nilikuwa nawajua, ni majirani, na kuna mmoja aliyekuwa anageuka kila mara kutazama nyuma, kana kwamba kuna mtu anachelewa. Sasa najua alikuwa anamtafuta nani. Nilivaa kanga nikatoka mbio, mkono umeshainuka, lakini nilipofika walikuwa wameshanyamaza wote, na kijana hatikisiki tena.