Chungwa Lililomenywa

Juzi mjukuu wangu alinionyesha maji ya ndani ya kompyuta. Alikuwa akiburuta vitu kwa kidole na kuvitumbukiza, aone kipi kitaelea na kipi kitazama. Akikosea, anabonyeza kitufe na kurudia. Ghafla nikasikia harufu ya maganda ya machungwa.

Wakati ule nasoma shule ya msingi, sabuni ilikuwa adimu. Sare tulizifua kwa majani ya mpapai. Machungwa ya Muheza ndiyo yaliyokuwa tele. Mwalimu wetu wa sayansi pale Chumbageni alikuja darasani na ndoo ya maji, chungwa moja na kipande cha sabuni.

"Mmeona linaelea," alisema. "Nikilimenya je? Atakayepatia, sabuni yake."

Moyoni nilikwisha kuiona sabuni ile mikononi mwa mama. Nikaruka: "Litaelea zaidi, mwalimu! Litakuwa jepesi."

Likazama mpaka chini. "Mwanahawa, kapige mbizi ulitoe!" wenzangu wakanicheka. Sabuni akaichukua Saumu, jirani yangu wa dawati, aliyesema litazama.

Leo najua kuwa ganda lina hewa, ndilo boya la chungwa. Siku ile niliamini mwalimu kayafanyia maji ujanja, nikaenda kumshitaki kwa mama.

"Unanidanganya wewe," mama alisema. Tukajaza karai maji, tukamenya moja. Likazama. Akacheka, akamenya la pili, la tatu, mpaka kapu zima la machungwa likaisha, nasi tumeshiba, mikono inanukia.

"Haya mwanangu," akasema, "sabuni ndiyo basi tena. Kesho kamwulize mwalimu kwa nini linazama."