Mtambo Nilioutumia Kumshawishi Mama

Acha niwaambie mwenyewe kabla Mama hajawafikia. Yeye alitaka nisomee ualimu. Moyo wangu ulikuwa kwenye uhandisi wa mashine za hospitali. Basi tukatoka Kibera hadi chuo kimoja kilichowafungulia wageni maabara zake, ili nimshawishi.

Mlangoni palikuwa na mtambo wa chuma wenye taa nyekundu, ukivuma polepole kama kifua cha aliyelala.

"Mama, mashine hii husafisha damu ya wagonjwa wa figo," nikasema kama mhandisi kamili.

Mama akaugusa kwa heshima, machozi yakimlengalenga. "Kama ni kazi ya kuokoa watu hivi, soma tu, baba."

Mwanafunzi mmoja akaja na kikombe, akafungua bomba la ule mtambo. Ikatoka chai ya maziwa.

Mama akanigeukia taratibu. "Mwambie na mimi aniwekee damu, baba. Sukari isiwe nyingi."